Bila Dalali

Kizuri chajiuza, wasema. Basi hiki
kimekaa wiki sita chini ya turubai, uani kwangu Ganjoni,
na waliokuja ni hawa:
mmoja alipiga teke gurudumu kama anunuaye mbuzi,
mmoja ana kiwanja Mtwapa, hati yaja, tubadilishane,
mmoja mtoto wa watu, kofia nyuma mbele,
aliuliza kama bomba la moshi laweza kukatwa
lipige kelele mpaka Nyali wasikie.
Laweza, nikamwambia. Nikarudisha turubai.

Dalali wa Buxton amenipigia mara nne.
"Yakhe Shebwana, nipe mimi. Nitalipaka rangi,
nitarudisha mita nyuma, liwe mwari."
Mwari! Gari lina kilomita laki moja na arubaini elfu
na kila moja naijua kwa jina.

Miaka ishirini nilitoa magari ya watu bandarini,
karani, kalamu sikioni.
Hili nikalitoa kwa jina langu:
Nissan Silvia, milango miwili, gia sita,
buluu iliyokolea kama wino wa muhuri.

Chumvi ya mji huu hula chuma kama riba,
usiku, bila kelele.
Kwa hivyo kila Ijumaa baada ya swala
nililala chali na mpira wa maji matamu
nikaliosha tumbo.
Jirani akasema: huyu angemwosha mamake hivi
angeingia peponi bila foleni.

Ukizungusha ufunguo, mwanamke husema ndani ya dashibodi.
Sentensi moja, Kijapani, sauti ya mkunga.
Binti yangu, alipokuwa mdogo, alimwitikia: Marahaba!
Mke wangu alisema ananionya: polepole, baba.
Mimi niliamini ni dua ya safari
na sikuondoka kabla hajaimaliza.

Kisha goti la kushoto likakataa klachi.
Darajani, saa kumi na moja jioni,
hatua moja, simama, hatua moja, simama,
nililia kama mtoto, madirisha nimeyafunga.

Jumamosi akaja Mghoi.
Alileta tochi na sumaku.
Aliingia chini ya gari kabla ya kunisalimu,
akatoka na vumbi usoni, akaomba radhi, ndipo akasema shikamoo.
"Hapa palipigwa."
Palipigwa. Mkokoteni, Makupa, mwaka wa uchaguzi.
"Na kioo cha kushoto kinapanda kwa kusukumwa."
Kwa kusukumwa, naam, na kwa maneno mazuri.
Akafungua daftari langu, kila oili na tarehe yake,
akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari.
"Punguza elfu hamsini, ya kioo."
Ishirini.
"Thelathini, na daftari nije nalo."
Hapo nilisita. Si kwa ajili ya ile elfu kumi.

Akawasha. Mwanamke akasema lake.
Mghoi akacheka; kumbe alisomea mitambo ya meli huko Kobe.
"Anasema kadi haijaingizwa.
Kadi ya kulipia barabara zao."

Miaka yote hiyo. Alfajiri, mvuani,
siku ya kumpeleka mke kujifungua, siku ya kumzika baba,
alikuwa akinidai kadi.
Nami nikiitikia amina.

"Nimkate? Ni waya mmoja tu."
Gari ni lako, nikamwambia,
na simu ikatetema mfukoni: pesa zimeingia benki.

Alitoka langoni, gia ya pili akaipata bila kuitafuta.
Nilimsikiliza mpaka kona, mpaka ya tatu,
mpaka mlio ukachanganyika na milio ya wengine.

Nikakunja turubai.
Nikainama, goti na lilie litakavyo,
nikapapasa sakafu pale liliposimama
nikitafuta walau tone moja la oili.

Pakavu. Pasafi.
Nilikuwa nimelitunza hivyo.